Mgema Akisifiwa kwa Huruma

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuisoma methali hii kwa kumtazama mgema: amevimba kichwa, ameharibu kazi yake. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetutaka tuwatazame wale waliomsifu. Walimsifu kwa sababu gani? Je, walilionja tembo lake kweli, au walikuwa na sababu nyingine? Katika insha hii nataka kuwahoji hao wasifuji, nami nikiwa mmoja wao. Swali langu ni hili: je, ni haki kumsifia mtu kazi yake kwa sababu amepata taabu? Na kama si haki, tuzifanyie nini taabu hizo pindi tunapozijua?

Swali hili sikulipata kwenye tembo la mnazi, kwani nimekulia mbali na minazi. Nililipata Japani, kwenye kikombe cha sake. Najua baadhi ya wasomaji wenzangu hawanywi pombe, kwa sababu ya dini au kwa uamuzi wao, nami sina nia ya kuwashawishi. Mahali pa sake waweke chai, mkeka au shairi. Hoja itabaki palepale.

Nilikwenda Osaka nikiwa mwaka wa pili, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi uliodumu miezi kumi. Huko Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu, na pamoja na masomo yangu niliwasaidia wanafunzi wa Kijapani katika mazungumzo. Mmoja wao, msichana aliyewahi kukaa Zanzibar na aliyezoea kuniita dada, alinipeleka jioni moja kwenye baa ndogo yenye viti vinane tu. Nilikuwa na miaka 21, na sheria ya Japani inaruhusu pombe kuanzia miaka 20. Mwenye baa, mzee wa maneno machache, alinimiminia kikombe na kulitaja jina: Iwaki Kotobuki.

Kabla ya kueleza ladha yake, nieleze kidogo kinywaji chenyewe, maana wengi hukiita mvinyo wa mchele na jina hilo linapotosha. Zabibu ina sukari tayari, kwa hiyo juisi yake huchachuka kwa urahisi. Mchele hauna sukari ya kutosha, una wanga. Ili upatikane ulevi, mchele hukobolewa, huoshwa, huloweshwa na kupikwa kwa mvuke, kisha sehemu yake huoteshwa ukungu uitwao koji. Ukungu huo hugeuza wanga kuwa sukari, nayo chachu huila sukari hiyo na kutoa kilevi. Katika sake kazi hizo mbili hufanyika kwa wakati mmoja ndani ya pipa moja, na hapo ndipo penye ufundi: koji akizembea chachu hukosa chakula, na akienda mbio sana ladha huharibika. Sake ikikamilika huwa na kilevi cha asilimia 15 au 16 hivi, na karibu asilimia 80 yake ni maji. Ndiyo maana watengenezaji wa sake huzungumzia maji ya kisima chao kama mkulima anavyozungumzia udongo wa shamba lake. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sake niliyopewa ilikuwa ya aina ya junmai, yaani isiyoongezwa alkoholi kutoka nje. Ililetwa vuguvugu. Harufu yake ilinikumbusha wali uliotoka jikoni sasa hivi, tofauti na sake nyingine nilizokuwa nimeonja ambazo zilinukia kama matunda. Mdomoni ilikuwa nzito, na mwisho wake ulikuwa na ukali fulani ulionifanya nitamani samaki wa kuchoma. Nilipomwambia hivyo mwenye baa, alicheka kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Akasema hiyo ni sake ya wavuvi. Kisha, kabla sijamaliza kikombe, akanisimulia habari za nyumba iliyoitengeneza.

Kiwanda cha Suzuki Shuzoten kilianza karne ya 19 katika kijiji cha wavuvi cha Ukedo, mji wa Namie, mkoa wa Fukushima. Kilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba watu walikiita kiwanda cha sake kilicho karibu zaidi na bahari katika Japani nzima. Tarehe 11 Machi 2011 lilitokea tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0, na tsunami iliyofuata ikakizoa kiwanda chote. Kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, kilicho umbali usiofika kilomita 10 kutoka hapo, kikaharibika, na wakazi wa Namie wapatao 21,000 wakaamriwa kuondoka. Mapipa yalikwenda, kisima kikawa hakifikiki, wanywaji wakatawanyika. Kitu kimoja kilipona. Chachu ya nyumba hiyo ilikuwa imepelekwa kwa ajili ya utafiti katika kituo cha mkoa kilichoko Aizuwakamatsu, mbali na bahari. Kwa chachu hiyo familia ilianza upya mwaka uleule, katika kiwanda walichokichukua Nagai, mkoa wa Yamagata, bonde lenye theluji nyingi lisilojua harufu ya bahari. Amri ya kuondoka Namie ilifutwa kwa sehemu ya mji mwaka 2017, na mwaka 2021 sake ilianza tena kutengenezwa Namie, katika jengo jipya kando ya barabara kuu.

Tangu jioni ile nikawa mtu wa Iwaki Kotobuki. Nilipunguza matumizi ya chakula ili ninunue chupa. Kila aliyekuja chumbani kwangu nilimmiminia na kumsimulia. Wakati wa likizo ya masika nilipanda treni hadi Namie, nikaitazama shule ya msingi ya Ukedo, ambayo imeachwa kama ilivyoharibiwa ili iwe kumbukumbu. Siku ile wanafunzi wake wote waliokuwa shuleni walikimbilia mlimani wakaokoka. Nikanunua chupa palepale, nikarudi nayo Osaka nimeipakata kama mtoto.

Ndipo rafiki yangu akaniuliza, kwa Kiswahili chake kisicho na kona, "Dada, unaipenda sake hii, au unawaonea huruma walioitengeneza?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mtu anaweza kuwa na yote mawili. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu swali lile nililijua. Nilikuwa nimelibeba miaka mingi nikiwa upande wa pili wa kikombe.

Mimi ni mtoto wa Rutshuru, Kivu Kaskazini. Tulikimbia mwaka 2008 nikiwa na miaka sita, tukapokewa katika makazi ya Nakivale, Uganda. Huko nilisoma, na nilipoingia sekondari nilipenda kuandika insha. Wageni wa kutoka mashirika mbalimbali walipokuja shuleni, niliitwa mbele nisome. Walipiga makofi, wengine walifuta machozi, na baada ya hapo hakuna aliyenieleza hata kosa moja. Nikawa naandika vilevile mwaka hadi mwaka, insha ileile kwa maneno tofauti: njia, mvua, mzigo kichwani, mpaka. Kwa nini nibadilike, na makofi yalikuwa yakija? Nikamaliza kidato cha nne sijui kupanga hoja. Mgema nilikuwa mimi, na tembo nilikwisha kulitia maji bila hata kujua.

Halafu akaja mwalimu mmoja aliyenirudishia insha imejaa wino mwekundu. Pembeni aliandika kwamba aya tatu za mwanzo hazisemi kitu. Nililia kwa hasira. Leo namhesabu yeye kuwa mtu wa kwanza aliyeisoma kazi yangu. Wale wengine walikuwa wameisoma historia yangu, kazi wakaipitia juujuu.

Kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu tufanye jaribio. Wajapani wana utaratibu wa kuonja sake bila kujua imetoka wapi, na wana kikombe maalumu kwa ajili hiyo: cheupe, chenye miduara miwili ya buluu ndani, chini kabisa, inayomsaidia muonjaji kuona kama sake ni angavu au ina ukungu. Aliazima vikombe vitatu vya namna hiyo. Mimi nikatoka nje ya chumba. Yeye akamimina sake tatu za aina ya junmai, mojawapo ikiwa ile niliyoipakata kutoka Namie. Nikarudi, nikaonja, nikaandika.

Nilikiweka kikombe cha pili mbele ya vyote. Cha tatu kikafuata. Niliandika kwamba cha tatu kina uzito mzuri lakini mwisho wake ni mkali kupita kiasi. Cha pili ndicho nilichokiapia kuwa ni Iwaki Kotobuki. Kilikuwa sake ya bei nafuu kutoka duka la jirani. Mpenzi wangu alikuwa kikombe cha tatu. Sikumtambua.

David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anasimulia kisa alichokitoa katika Don Quixote. Watu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha ndogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Waliokuwapo wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume anatumia kisa hicho kutetea kwamba ladha si maneno matupu ya kila mtu na wake: kuna kitu ndani ya pipa, na kuna ndimi zinazokipata na zisizokipata. Ulimi mzuri, anasema, unahitaji mazoezi, kulinganisha, na kujivua upendeleo. Mimi nilikuwa na upungufu wa yote matatu. Hadithi ilikuwa imenipa hisia kwamba ninaijua sake ile, na kwa sababu ya hisia hiyo sikujisumbua kuijua.

Immanuel Kant angenituliza kwa njia nyingine. Katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kuamua, anaviweka vinywaji katika kundi la vitu vinavyopendeza tu: mtu akisema mvinyo fulani ni mtamu, aseme ni mtamu kwake, wala asiwadai wengine wakubali. Kwa maoni haya hakukuwa na kosa lolote, nilipendezwa, basi. Lakini siwezi kukubali utulivu huo, kwa sababu nilipokuwa nikiwamiminia wageni sikusema "ni tamu kwangu". Nilisema "hii ni sake bora", nikawatazama usoni nione kama wanakubali. Nilikuwa nimetoa hukumu. Na anayetoa hukumu bila kusikiliza shahidi amemkosea mtu, hata kama hukumu yenyewe ni ya kumpa ushindi.

Nani amekosewa hapa? Yule mtengenezaji. Mtu aliyepoteza mapipa, kisima na mji, akaanza tena na chachu iliyosalia, alifanya hivyo ili atengeneze sake. Nikimnywea huruma nimemrudisha palepale tsunami ilipomwacha, kana kwamba tangu siku ile hajafanya jambo jingine la kutazamwa. Nimemwambia, bila kutamka, kwamba kazi yake haina haja ya kuwa nzuri. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa fundi.

Kuna sababu ya pili ya kukiheshimu kikombe kisicho na jina. Hadithi ileile inayoleta huruma inaweza kuleta woga. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia, wanunuzi wengi walikwepa vyakula vya Fukushima kwa hofu ya mionzi, hata vile vilivyopimwa na kukutwa salama. Jina la mkoa lilitosha kukihukumu chakula. Sasa, Japani kuna mashindano ya kitaifa ya sake mpya yaliyoanza mwaka 1911, ambamo waamuzi huonja bila kujua sake imetoka kiwanda gani. Katika mashindano hayo Fukushima iliongoza mikoa yote kwa idadi ya medali za dhahabu mara 9 mfululizo, hadi mwaka 2022. Mezani pale jina halikuwapo, kwa hiyo hakukuwa na wa kuionea huruma Fukushima wala wa kuiogopa. Huruma na woga ni ndugu: zote mbili humwangalia mtu zikaona msiba tu. Kikombe cheupe kinamkinga fundi dhidi ya zote mbili.

Ningeweza kuishia hapa na kusema: tuonje vipofu, hadithi tuziache mlangoni. Rafiki yangu ndivyo alivyofikiri. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hoja hiyo haimtoshi, naye ni bibi yangu mzaa mama.

Kule Rutshuru bibi alikuwa akitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi huivishwa shimoni, huminywa kwa majani hadi zitoe maji yake, huchujwa, kisha huongezwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa zichachuke. Tulipofika Nakivale alianza tena, kwa ndizi za Isingiro na maji ya dumu. Majirani tuliotoka nao walipoonja mara ya kwanza walishika vichwa, wakasema, "Mama, hii ni ileile ya nyumbani!" Bibi alitikisa kichwa. "Bado," alisema. "Mmekunywa njaa ya nyumbani, hamkunywa kasiksi." Hakuwakubalia sifa yao.

Hata hivyo alikuwa na mzee mmoja ambaye kila mara alimpelekea kikombe cha kwanza. Mzee huyo alikuwa mteja wake tangu Rutshuru, na kazi yake ilikuwa kuonja na kusema kinachopungua: leo mtama umezidi, leo ndizi hazikuiva sawasawa, leo umekaribia. Muonjaji aliyevaliwa kitambaa machoni, mgeni asiyejua kasiksi ilitoka wapi, asingeweza kumsaidia bibi. Angesema tamu au si tamu. Yule mzee alijua bibi anatafuta nini. Alikuwa na hadithi yote, tena hadithi ya maumivu, na bado alikuwa mkali kuliko mgeni yeyote.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipokuwa. Kujua habari za Namie hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuziruhusu habari zile zitoe jibu kabla ya ulimi. Hadithi ya fundi inayo kazi, nayo ni kunifundisha swali la kukiuliza kikombe. Ukijua kwamba sake ilizaliwa kwa ajili ya wavuvi, utaionja pamoja na samaki, na ule ukali wa mwisho niliouandika kama kasoro utaueleza upya. Ukijua kwamba chachu ni ileile ila maji yamebadilika mara mbili, utauliza: ni nini kilichobebwa na chachu, na ni nini kilichobaki kisimani? Hayo ni maswali ambayo mwenye huruma hayaulizi, maana amekwisha kuridhika. Asiyejua chochote hayaulizi pia, maana hayajui. Anayeyauliza ni yule anayejua na bado anataka sake iwe nzuri.

Kwa hiyo kwa swali langu la kwanza, kama ni haki kumsifia mtu kazi yake kwa sababu ya taabu zake, najibu kwamba si haki, na anayeumia kwanza ni huyohuyo anayesifiwa. Kwa swali la pili, la nini tuzifanyie taabu hizo, najibu kwamba tuzijue ili tuionje kazi kwa makini zaidi. Nalisema hili pia kwa wahadhiri wetu. Miongoni mwa wanafunzi wanaoandika Kiswahili katika nchi hizi zetu, wengi tumefika darasani kwa njia ndefu. Mkizijua njia zetu, zitawasaidia kuona tunachojaribu kusema. Wino mwekundu msiuweke mbali.

Bado naipenda Iwaki Kotobuki kuliko sake nyingine. Nimejifunza tu kusema "kipenzi changu" pale nilipokuwa nikisema "bora", na kwa miezi iliyobaki nilirudia jaribio lile mara nne zaidi. Mara mbili za mwisho nilikitambua kikombe chake.

Niliporudi Uganda nilibeba chupa moja kwenye sanduku, nikaipeleka Nakivale. Sikumwambia bibi chochote. Alinusa, akaonja kidogo, akakaa kimya, akaonja tena. "Ya mchele," alisema. "Aliyeitengeneza ana mkono. Ila mwisho wake unakwaruza. Angeitoa mapema kidogo." Ndipo nikamsimulia yote: bahari, kituo cha nyuklia, chachu iliyopona, bonde la theluji, kurudi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea aseme pole. Alinyoosha kikombe niongeze, akauliza, "Na kile kisima chao cha zamani, maji yake yalikuwaje?"